Mtaalamu Aliyepima Maji ya Mama

Watu wengi wa Mbinga watakuambia yule mzee alikuwa mtu wa maana sana. Basi waulize nikiwepo, uone nitakavyokunja uso. Nilifanya kazi chini yake miaka minne, nikiosha chupa zake, nikibandika vikaratasi kwenye chupa zake, nikimchemshia chai yake isiyo na sukari, na katika miaka yote hiyo hakuniita jina langu hata siku moja. Nilikuwa "wewe binti". Siku akiamka vibaya nilikuwa "wewe" tu.

Sisi tulimwita Mtaalamu. Mji mzima ulimwita hivyo, kuanzia mama ntilie wa stendi mpaka wenye maduka ya jumla. Jina lake kamili lilikuwepo kwenye kibao cha mlangoni, limeandikwa kwa rangi nyekundu, lakini mimi sitaliandika hapa. Ameshapata sifa za kumtosha.

Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na humo ndani mashine iliyoachwa na mradi fulani uliokuja, ukapiga picha, ukaondoka. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, unaweza kuipakata, ila ilikuwa inaona kitu ambacho jicho la mtu halikioni: risasi, kadimiamu, shaba, zinki, na ukibadilisha kipande chake cha mbele, antimoni. Hivyo ni vyuma vinavyokuwa ndani ya maji kwa kiasi kidogo mno, unakunywa na wala husikii ladha yoyote. Kazi yetu ilikuwa kupima maji ya chupa yanayouzwa mjini na kule ziwani, na kupima chupa zenyewe, maana plastiki nayo ikipata joto inatoa vyake. Mtu akitaka kuuza maji alianzia kwetu. Hakukuwa na mwingine wa karibu, na yeye alilijua hilo kuliko alivyojua kemia.

Kupeana mikono alikuwa hataki. Ukimpa mkono anakuonyesha kiwiko. "Mikono ina jasho, ina mafuta, imeshika sarafu," alikuwa anasema. Sawa, ndani ya maabara namwelewa. Lakini nilikwenda kwenye msiba wa kaka yake, nikaona vikongwe vimeshuka kutoka milimani kwa miguu, vimekuja kumpa pole, naye anawapa kiwiko mmoja mmoja, akiwa ameketi. Bibi mmoja alikishika kile kiwiko kwa mikono yake miwili na kupiga goti. Nilitamani ardhi inimeze, na wala hakuwa ndugu yangu.

Salamu yake ilikuwa fupi. "Shikamoo Mtaalamu." "Marahaba." Macho hayatoki kwenye daftari. Ukibaki umesimama, anakuuliza kama umesahau njia ya kutokea.

Halafu alikuwa na kauli yake moja, ambayo mpaka leo nikiisikia kichwani napandwa na hasira: "Sijakuuliza unaonaje. Nimekuuliza inasoma ngapi." Alinirushia mimi, aliwarushia wafanyabiashara, alimrushia mpaka padre siku ile alipojipeleka mwenyewe kanisani kupima maji ya baraka. Alikuta shaba, kwa sababu chombo kilikuwa cha shaba. Padre alimjibu kwa upole kwamba anavyoona yeye hayo maji watu hawayanywi, wanachovya kidole tu. Mtaalamu akamrushia ile kauli pale pale mlangoni mwa kanisa, waumini wanasikiliza. Padre alicheka. Mimi ndiye niliyebeba sanduku la chupa nikitazama chini kwa aibu.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Namswea, ameondoka kwake alfajiri, amebeba maji ya kisima chao kwenye dumu la mafuta ya kula. Kisima kile kilikuwa kinatumiwa na kitongoji kizima na walikuwa na wasiwasi nacho. Akaanza kueleza, "Baba, yananuka kama kutu, naona kama..." Mtaalamu hakumwacha amalize. Alimrushia kauli yake, akafungua dumu, akanusa, akatoka nalo mlangoni na kuyamwaga maji yote mbele ya miguu ya yule mama. Alisema chombo kilichobeba mafuta hakiwezi kubeba sampuli, kwamba ukipima maji yaliyomo humo unapima dumu, hupimi kisima. Akamwambia arudi na chupa safi. Yule mama hakurudi tena. Ila kwa habari ya dumu, Mtaalamu alisema kweli tupu, na naomba ulikumbuke hilo, maana aliijua kanuni hiyo kwa moyo.

Na ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mjinga ningemsamehe zamani. Bwana Shabani, mwenye duka pale karibu na soko, ambaye babu zake walikuja kutoka Kilwa, alikuwa na tabia ya kupanga katoni za maji barazani, upande unaopigwa na jua kuanzia saa nane mpaka linapozama. Mtaalamu alisimama mbele ya wateja wake na kumwambia, "Shabani, unapika plastiki."

"Mtaalamu, mimi nauza maji. Mapishi yako kwa mke wangu," Bwana Shabani akamjibu, watu wakacheka.

Mtaalamu hakucheka. Alinunua chupa za katoni moja, nusu akaziacha pale pale barazani na nusu akaziweka kabatini kwetu gizani. Kila Jumatatu kwa wiki nane alipima antimoni, nami nikiandika. Za kabatini zilitulia. Za juani zilipanda, kidogo kidogo, kila wiki. Akaipeleka ile karatasi dukani na kuisoma kwa sauti. Bwana Shabani alizihamishia katoni ndani siku ile ile na kumshukuru, mkono kifuani. Kitu ambacho Mtaalamu hakukisoma ni mstari wa chini kabisa, nilioandika mimi kwa mkono wangu, kwamba hata hizo za juani zilikuwa bado chini ya kiwango kinachokatazwa. Nilipomkumbusha njiani alisema watu wakiambiwa hivyo watazirudisha barazani. Labda ni kweli. Lakini alishazoea kuchagua mstari upi watu wausikie.

Na huyo mtu wa kukataza plastiki, jioni ulikuwa unamkuta kilabuni anakunywa ulanzi uliotoka kwenye dumu la njano lililochakaa mpaka limekuwa la kahawia. Nilimuuliza mara moja, nikijifanya sijui kitu. Akasema ulanzi haumo kwenye orodha ya vipimo.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu.

Mama yangu ni Mnyasa wa Kihagara, kule chini ziwani. Yeye na wanawake wenzake wa kikundi walikuwa wameanzisha kiwanda kidogo cha maji, chumba kimoja chenye vigae, chujio, taa ya kuua vijidudu, na maji ya chemchemi yanayoteremka kwa bomba kutoka mlimani. Chupa walinunua mpya. Walivaa kofia nyeupe na mabuti, wakiimba nyimbo za kwaya humo ndani. Mama hakuwahi kushika kitu kilichompa fahari namna ile. Jirani yetu alipojifungua na maziwa yake yakakauka, Mama ndiye aliyekuwa akimpelekea chupa za maji bure za kukorogea maziwa ya mtoto, kila wiki, kwa zaidi ya mwaka. Yule mtoto wa kiume alikua vizuri, mnene, anacheka. Ila alifika miaka miwili na nusu hajasema neno.

Walikuwa wakiyauza pale kijijini tu; walipotaka kuyaleta mjini, Mama alipanda basi akaleta sampuli zake mwenyewe Mbinga, amevaa kitenge cha kanisani. Mtaalamu hakumpa kiti. Aliyachukua maji yake na kuyahamishia kwenye chupa zetu, zile nilizoziosha mimi.

Hapa inabidi nieleze tunavyoosha. Chupa ya sampuli haiwi safi kwa sabuni. Unailaza kwenye asidi mpaka kesho yake, ili kama kuna chembe ya chuma imejishika ukutani itoke, halafu unaisuuza kwa maji matupu, yale yanayotokana na mvuke. Wiki ile asidi ya mradi ilikuwa imekwisha, na nyingine ilikuwa haijafika kutoka Dar. Mtaalamu alinituma kwa fundi betri, kule barabarani yanakotengenezewa malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka. "Kachukue maji ya betri lita mbili. Asidi ni asidi."

Fundi akaniambia mapya yamekwisha. "Yapo haya, nimeyatoa asubuhi kwenye betri ya lori. Makali bado yanayo." Nilimpigia simu Mtaalamu nikamweleza neno kwa neno. Alisema, "Lete."

Ndani ya betri ya lori kuna nini? Bamba za risasi. Mtu wa kupima risasi aliamuru chupa zake zioshwe kwa maji yaliyolala miaka ndani ya risasi, na mimi ndiye niliyeyabeba, tena kwa uangalifu, yasinimwagikie miguuni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Sikujua. Yeye alipaswa kujua. Na hata kama alisahau, kuna njia ya kujikamata: kila ukipima, unaweka chupa moja ya maji matupu katikati ya sampuli, umeiosha na kuishika kama zile nyingine. Hiyo ikisoma chuma, uchafu ni wako, si wa mwenye maji. Mtaalamu alikuwa ameacha kuiweka muda mrefu. Alisema ni kupoteza maji, na kwamba kazi hii aliifanya kabla sijazaliwa.

Mashine ilisoma risasi. Nyingi.

Alimwita Mama ndani akamwambia mbele yangu, "Mama, maji yako yana sumu. Unawanywesha watu risasi."

Mama akauliza swali moja, kwa sauti ya chini. "Mtoto mchanga akinywa, anakuwaje?"

Akamweleza. Ndiyo mara pekee niliyomwona akieleza kitu kwa utulivu, kama yuko darasani. Akasema risasi inaingia kwenye ubongo wa mtoto, kwamba mtoto anachelewa kutembea, anachelewa kusema, shuleni anakuwa mzito, na kilichoharibika hakirudi. Hakumuuliza kwa nini ameuliza. Mama alinitazama, nami nikajua anamfikiria nani. Akasema, "Ahsante, Mtaalamu," akatoka.

Kiwanda kilifungwa kabla ya mwezi kwisha. Wenzake wengine walisema wapime tena kwingine, Mama akakataa, akasema hana roho ya kubishana huku watoto wa watu wanadhurika. Yule mtoto alianza kusema alipokaribia miaka minne, sasa yuko darasa la tatu, anacheza mpira kutwa, na kusoma kunamsumbua kidogo kama kunavyowasumbua watoto wengi. Lakini Mama akimwona anakuja njiani anageuza njia. Matokeo ya shule yakitoka anauliza kwanza ya yule mtoto, halafu anaingia jikoni na hatoki mpaka jioni. Nyumbani kwetu mgeni akiomba maji ya kunywa, Mama anamtuma mtu mwingine amletee. Yeye mwenyewe hampi mtu maji kwa mkono wake. Wewe unaweza kuliona ni jambo dogo. Kwetu mgeni hupewa maji na mwenye nyumba.

Mimi niliacha kazi nikaenda chuo, na leo napima maji kwenye maabara nyingine. Mwaka wa kwanza mwalimu alitufundisha kuosha chupa, akauliza nani amewahi kufanya kazi hiyo. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza mpaka nikafika kwenye maji ya betri. Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilikuwa nacheka nao, halafu nikaacha, nikatoka nje, nikatapika kwenye majani.

Nilimpigia simu Mama jioni ile ile. Nikamweleza yote, betri, bamba, chupa. Alisikiliza. Akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa unaosha chupa. Yule ni Mtaalamu." Nilimweleza tena likizo, nikamchorea na picha. Akaikunja ile karatasi vizuri, akaiweka ndani ya Biblia, na kesho yake akageuza njia alipomwona yule mtoto. Niliwaambia wanakijiji, wakanijibu kwamba ni kawaida mtoto kumtetea mama yake. Hata kuipima upya chemchemi yenyewe kusingethibitisha kitu, maana bomba lilishahamishwa na chujio limeuzwa. Nikaona kuna mdomo mmoja tu ambao Mama angeuamini.

Basi mwaka huu, wakati wa kuchuma kahawa, nilichukua bodaboda mpaka shambani kwake. Alikuwa ameshafunga maabara na kurudi milimani. Nilimkuta ameketi kando ya vichanja vya kahawa, anaokota punje mbovu kwa mikono inayotetemeka, bila glavu. Nilimwamkia. Akaitikia, "Marahaba," macho kwenye kahawa.

"Wewe binti wa chupa," akasema baadaye.

Sikuzunguka. Nilimwambia habari ya maji ya betri, na chupa, na Mama. Nilijiandaa kwa ubishi. Nilikuwa nimebeba na vitabu.

"Najua," akasema. "Nilijua wiki iliyofuata. Nilipima maji ya dukani kwa chupa zile, yakasoma risasi. Nikapima maji matupu, yakasoma vilevile."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, nani angekuja tena kupima kwangu? Na maabara ilikuwa moja. Wangerudi kunywa chochote." Akaokota punje nyingine akaitupa. "Mama yako alifunga bila kelele. Nikaona limepita."

Limepita. Namchukia kwa mengi, lakini neno hilo lina chuki yake peke yake.

Nikamwambia ampigie Mama simu amwambie kwa mdomo wake. Akasema yeye ni mzee, mambo ya zamani hayafukuliwi. Nikakaa chini, pale pale penye vumbi. Mkewe, mama mmoja mpole ambaye hakuwa na habari yoyote, alileta maji ya kunawa, kisha ugali, maharage, na dagaa wa ziwani aliowatoa kwa heshima yangu mimi mtu wa ziwani. Nikamshukuru, nikasema sitakula. Alileta maji ya kunywa. Nikasema sitakunywa.

Yule mama alibaki ameshika kikombe. "Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama. Sina tatizo na wewe."

Akamgeukia mumewe. "Baba, huyu mgeni tumemkosea nini?"

Mumewe akaendelea kuokota punje. Yule mama hakuondoka. Aliweka kikombe chini, akaketi kwenye kigoda, akasubiri jibu, na chakula kikawa kinapoa katikati yetu sisi watatu. Jirani aliyepita na gunia alisimama kutusalimu, akaona sahani ambayo haijaguswa, akaharakisha kuondoka. Hapo ndipo Mtaalamu alipoinua macho kutoka kwenye kahawa. Alinyoosha mkono akachukua simu yake, akaomba nimtajie namba ya Mama.

Aliweka sauti kubwa ili nisikie, hakuniangalia. Mama alipopokea, mzee alijitambulisha kwa cheo chake, kisha akasema yote, na sitamnyima haki yake: alisema vizuri. Alisema chupa zilikuwa chafu, chafu kwa risasi ya betri, na aliyeamua zioshwe hivyo ni yeye. Alisema aligundua na akanyamaza. Alisema, "Maji yako yalikuwa safi, Mama. Hujamdhuru mtu. Nisamehe." Mkewe alijifunika mdomo kwa kanga.

Kule upande wa pili Mama akasema, "Ahsante sana, Mtaalamu. Mungu akubariki." Akamuuliza afya yake, akamuuliza kahawa imezaa vipi mwaka huu, akampa pole ya uzee. Simu ikakatika.

Nilinawa mikono nikala ule ugali uliopoa, wote, kwa ajili ya mkewe. Nilipokuwa nateremka kuelekea barabarani simu yangu ikaita.

"Uko naye?"

"Nimeshaondoka, Mama. Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia."

Nikasubiri. Nilidhani analia, na mimi nilikuwa tayari kulia naye. Akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kusikiwa na majirani.

"Mwanangu," akasema, "umemfanya nini yule mzee mpaka akakubali kusema uongo?"